Mwongozo kamili: kufuatilia Olimpiki ya Majira ya Baridi kwenye runinga na kusoma jedwali la medali bila kupotea

Wanaoanza kufuatilia Olimpiki ya Majira ya Baridi hukwama pale pale kila mara. Wanawasha runinga fainali ikiwa imeshakwisha. Wanamshangilia mshindi ambaye bado si mshindi. Kisha wanabishana hadi usiku wa manane nchi gani inaongoza, mmoja kashika jedwali la Marekani, mwenzake kashika la Ulaya, na wote wawili hawajakosea.

Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo matatu. Mifano mingi nimeitoa Pyeongchang 2018 na Beijing 2022, kwa sababu matokeo ya huko yameshapita mikononi mwa majaji na mahakama, na ndipo somo lilipo. Hatua zenyewe zinafaa kwa michezo yoyote, ikiwemo ile ya 2030 kwenye Milima ya Alps ya Ufaransa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Runinga yenye king'amuzi, au simu yenye bando la kutosha. Mechi ya hoki ya barafu ikionyeshwa kwa ubora wa juu inaweza kula zaidi ya GB 1 kwa saa. Ukishusha hadi 480p, bando linadumu zaidi sana.
- Ratiba rasmi ya mashindano iliyochapishwa na waandaaji wenyewe. Picha ya ratiba iliyozungushwa kwenye makundi ya simu usiitegemee.
- Daftari lenye mistari na kalamu ya rangi mbili.
- Orodha ya vifupisho vya nchi. Utaikuta katika hatua ya 5.
- Betri au chaja ya akiba, kwa wanaoishi mahali ambapo umeme una tabia zake.

Huhitaji kujua kuteleza kwenye theluji. Wengi wanaotangaza michezo hii nao hawajui.

## Hatua ya 1: Jua nani ana haki ya kuonyesha mahali ulipo

Fanya hili wiki mbili kabla ya ufunguzi, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Haki za kuonyesha Olimpiki huuzwa kwa kanda. Ulaya, kwa kipindi cha 2026 hadi 2032, zimeshikwa kwa pamoja na Warner Bros. Discovery na umoja wa vituo vya utangazaji vya umma vya Ulaya, EBU. Marekani ni NBC, ambayo mwaka 2014 ilisaini mkataba wa dola bilioni 7.65 kwa michezo ya 2021 hadi 2032. Ndugu yako wa Minneapolis anaona chaneli moja, wa Hamburg anaona nyingine, na wewe wa Mombasa unaona ya tatu. Kiungo anachokutumia hakitafunguka kwako, na hiyo si hitilafu ya simu yako.

Picha zenyewe lakini chanzo chake ni kimoja. Olympic Broadcasting Services, kampuni iliyoanzishwa 2001 na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ndiyo inayoweka kamera viwanjani na kuwagawia wenye haki. Kituo chako kinaongeza watangazaji, wachambuzi na matangazo ya biashara, na kinachagua kipi kionyeshwe na kipi kiachwe. Hilo la kuchagua ndilo la kuangalia kwa makini. Kituo cha Marekani kitamfuata Mmarekani wa nafasi ya nane na kumruka Mslovenia anayeongoza. Cha Norwei kitafanya vivyo hivyo kwa watu wake.

Piga simu huduma kwa wateja ya king'amuzi chako na uulize swali moja tu: michezo hii iko kwenye kifurushi gani? Usikubali jibu la "tunayo". Vifurushi vya bei ya chini mara nyingi huachiwa muhtasari wa jioni tu.

Hatua hii imekamilika ukiweza kutaja namba ya chaneli, jina la kifurushi, na kama matangazo ni mubashara au ni marudio.

## Hatua ya 2: Geuza saa mara moja, na mara moja tu

Hapa ndipo wengi huanguka, na chanzo chake kikubwa ni kugeuza mara mbili. Ratiba nyingi za mtandaoni husoma saa ya simu yako na kujigeuza zenyewe. Mtu anaona 21:30, hajui kwamba tayari ni saa ya Afrika Mashariki, anaongeza mbili, anakuja kukaa saa tano na nusu usiku kutazama mabango yakikunjwa.

Kwa hiyo kwanza tafuta maandishi yanayosema saa hizo ni za wapi. Zikiwa za mahali pa mashindano, ndipo ugeuze.

Ufaransa na Italia mwezi Februari ziko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa 2. Kwa Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi tofauti ni saa 1. Kwa Muscat ni saa 3.

Mfano: fainali ya 19:30 kwenye Alps ni 21:30 Dar es Salaam, yaani saa tatu na nusu usiku. Mbio za asubuhi za 10:00 ni saa sita kamili mchana, wakati wa chakula, jambo jema sana. Utah, itakayoandaa 2034, iko nyuma yetu kwa saa 10. Huko fainali ya 19:00 itatufikia saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Andika tarehe ya kwetu, si ya kwao, la sivyo utaamka alfajiri ya siku isiyo yenyewe.

Mitego miwili zaidi. Baadhi ya vituo vya bara letu huchapisha ratiba kwa saa za Afrika Kusini, zilizo nyuma yetu kwa saa 1. Na ratiba za Kimarekani zenye herufi ET ziko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi, hata kama mashindano yenyewe yanafanyika Ulaya.

Jaribio: chukua shindano moja lililoko kwenye mwongozo wa chaneli wa king'amuzi chako, ulinganishe na ulichoandika. Vikipatana, funga ukurasa huo usiuguse tena. Visipopatana kwa saa kamili moja au mbili, umeshajua kosa liko wapi.

## Hatua ya 3: Chuja ratiba hadi zibaki fainali

Beijing 2022 ilikuwa na mashindano 109 ya medali, wastani wa fainali sita au saba kwa siku. Ukijumlisha mechi za makundi, mchujo na mazoezi rasmi, ratiba inakuwa msitu. Hakuna binadamu anayeona yote.

Ratiba rasmi huweka alama ya medali kando ya vipindi vinavyotoa medali. Vizungushie kalamu nyekundu. Kisha vizungushie buluu vipindi ambavyo havitoi medali lakini vinaamua: nusu fainali za hoki ya barafu, na siku ya kwanza ya michezo ya sledi, yaani vyombo vinavyoteremka kwenye njia ya barafu.

Sledi zinahitaji uangalifu. Luji ya mtu mmoja (anayelala chali), skeletoni (anayelala kifudifudi) na bobsledi (chombo cha kukalia) kwenye Olimpiki ni miteremko minne, kwa kawaida siku mbili, na muda wote hujumlishwa. Anayeongoza siku ya kwanza hajashinda kitu. Kalingi, mchezo wa kusukuma mawe barafuni, nayo huanza hata kabla ya sherehe za ufunguzi na kuendelea karibu kila siku hadi mwisho. Iache icheze nyuma ukipika, urudi kwake nusu fainali.

Acha nafasi tupu pembeni ya kila shindano la milimani. Upepo ukizidi, mbio za skii za kushuka milima huahirishwa. Beijing, mbio za wanaume za mteremko mkuu zilisogezwa kutoka 6 hadi 7 Februari kwa sababu ya upepo. Aliyekuwa na ratiba ya karatasi peke yake alizikosa, kwa hiyo angalia mabadiliko kila asubuhi.

## Hatua ya 4: Chagua ushindani wa kufuata na ujue kila nchi inachota wapi medali

Chagua nchi tatu, zisizidi nne. Kisha andika mbele ya kila nchi michezo inayoilisha. Bila hili, jedwali la wiki ya kwanza litakudanganya mchana kweupe.

Norwei, nchi ya watu wapatao milioni tano na nusu, ilimaliza Beijing kileleni ikiwa na dhahabu 16. Kati ya hizo, 6 zilitoka bayathloni (skii pamoja na kulenga shabaha) na 5 skii ya nyika (mbio za skii za masafa). Zilizobaki zilitawanyika. Michezo hiyo miwili ina fainali nyingi tangu mwanzo hadi siku ya mwisho, ndiyo maana Norwei haipotei juu ya jedwali.

Ujerumani ni tofauti kabisa. Ilipata dhahabu 12, na 9 kati ya hizo zilitoka kwenye njia ya barafu ya sledi: luji zote nne, skeletoni zote mbili, na bobsledi tatu kati ya nne. Ya nne, ya mwanamke mmoja, ilichukuliwa na Kaillie Humphries wa Marekani. Siku ambazo hakuna sledi, Ujerumani huonekana imelala. Haijalala.

Uholanzi huishi kwenye mbio ndefu za barafuni. Sochi 2014 ilichukua medali 23 kati ya 36 za mchezo huo, na nje ya hapo ikapata moja tu. Korea Kusini itafute kwenye mbio fupi za barafuni. Austria na Uswisi ni watu wa kushuka milima.

Jambo la kuzingatia: timu ni medali moja. Kikosi cha hoki ya barafu chenye wachezaji 25, wanaopigana takriban wiki mbili, huleta nyumbani medali moja ya hesabu. Beijing, Johannes Thingnes Bø wa Norwei alipata dhahabu 4 za bayathloni, sawa na dhahabu zote za Kanada nzima. Kwa anayependa hoki hiyo ni dhuluma, lakini jedwali halijali jasho.

Kama hutaki nchi kubwa, zipo nyingine za kufuata. Liechtenstein, yenye watu wapatao 40,000, ina medali 10 za Olimpiki ya Baridi na zote ni za kushuka milima. Na wa kwetu? Philip Boit wa Kenya alikimbia skii ya nyika kilomita 10 Nagano 1998 na kumaliza wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyekuwa ameshashinda dhahabu ya mbio hizo, alimsubiri mstarini ampongeze. Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya kwenye kushuka milima Pyeongchang 2018. Majina kama hayo huwa chini ya orodha ya kuanza, kwa hiyo tafuta namba zao mapema, mtangazaji hatakusubiri.

Utajua hatua hii imekaa ukiweza kusema, bila kutazama popote, kesho ni siku ya nani.

## Hatua ya 5: Jifunze kusoma kioo, na kujua mshindi ni mshindi lini

Hii ndiyo hatua ndefu. Isome kabla ya michezo kuanza, maana mbio zenyewe hazikupi nafasi.

Vifupisho. SUI ni Uswisi, SWE ni Uswidi. AUT ni Austria, AUS ni Australia. SLO ni Slovenia, SVK ni Slovakia. NED ni Uholanzi, GER ni Ujerumani. DNF ni aliyeanza asimalize, DNS ni ambaye hakuanza, DSQ ni aliyeondolewa kwa kuvunja kanuni.

Rangi. Katikati ya mbio za saa, kioo huonyesha tofauti na anayeongoza. Kijani na alama ya kutoa maana yake yuko mbele. Nyekundu na alama ya kujumlisha, yuko nyuma. Wengi huona alama ya kujumlisha wakadhani ni jambo zuri. Hapa kuongeza ni kuchelewa.

Sasa mchezo kwa mchezo.

Kushuka milima. Wanashuka mmoja mmoja, na wenye viwango vya juu huanza mapema, hivyo baada ya washindani ishirini hivi watangazaji hulegea. Usilegee nao. Pyeongchang, kwenye mbio za super-G (aina ya mbio za kasi za kushuka) za wanawake, Anna Veith wa Austria alikuwa anaongoza, NBC ikamtangaza mshindi na kuhamia mchezo mwingine. Kisha akashuka namba 26, Ester Ledecká wa Ucheki, mtu aliyejulikana zaidi kwa ubao wa theluji, akashinda kwa sekunde 0.01. Mwenyewe alisimama chini akikodolea kioo, haamini. Subiri angalau namba 30. Kwenye slalomu na slalomu kubwa, mbio za kupinda kati ya milango, kuna miteremko miwili, na katika wa pili 30 bora wa kwanza huanza kwa mpangilio wa kinyume: aliyeongoza anashuka mwisho kati yao. Huko, akimaliza huyo, karibu kila kitu kimekwisha.

Bayathloni. Skii ya nyika pamoja na kulenga shabaha kwa bunduki, mita 50. Akiwa amelala, shabaha ina kipenyo cha milimita 45. Akiwa amesimama, milimita 115. Kwenye mbio nyingi, kila shabaha iliyokoswa ni mzunguko mmoja wa adhabu wa mita 150. Kwenye mbio za mtu binafsi, ambazo ndizo ndefu zaidi za kuanza mmoja mmoja, kukosa moja ni dakika nzima. Kwenye mbio za kupokezana, kila mmoja ana risasi tatu za akiba kila anapofika kulenga. Angalia kwanza wameanzaje. Wakianza mmoja mmoja kwa sekunde 30, anayevuka mstari wa kwanza si lazima awe mshindi. Wakianza pamoja, au kwa kufukuzana, anayevuka wa kwanza ndiye.

Kuruka kwa skii. Aliyeruka mbali zaidi anaweza kushindwa. Alama za umbali huongezwa alama za mtindo kutoka kwa majaji watano, ambapo ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Kisha kuna nyongeza au makato ya upepo na ya lango la kuanzia. Usimshangilie mtu kwa mita. Subiri namba ya nafasi yake itokee.

Mbio ndefu za barafuni. Katika mbio nyingi wanakimbia wawili wawili lakini hawashindani wao kwa wao. Wanashindana na saa. Kumpita mwenzako si dhahabu.

Mbio fupi za barafuni. Hizi ni kinyume: wa kwanza mstarini ndiye, lakini baada ya mwamuzi kutazama video. Na mwamuzi hutazama sana. Fainali ya mita 1000 ya wanaume Beijing ilimalizika Liu Shaolin Sándor wa Hungaria akiwa mbele kwa unyayo, akapewa adhabu, dhahabu ikaenda kwa Ren Ziwei wa China. Usiandike chochote daftarini hadi matokeo yatokee kwenye kioo yakiwa rasmi. Ukiwa na mashabiki wa Korea Kusini na wa China chumba kimoja, weka vyombo vya kioo mbali.

Kuteleza kwa madoido barafuni. Siku mbili, programu fupi na ndefu, alama hujumlishwa. Aliyepigiwa makofi na ukumbi mzima usiku wa pili anaweza kubaki wa nne kwa sababu ya usiku wa kwanza.

Ubao wa theluji na skii huru. Kwenye nusu bomba, yaani mfereji wa theluji wenye kuta mbili zilizopinda, mzunguko bora kati ya mitatu ndio unaohesabiwa, kwa hiyo mtu anaweza kuanguka mara mbili na bado akashinda. Kwenye kuruka hewani, huchukuliwa miruko miwili bora iliyo tofauti na kujumlishwa. Huko usiondoke hadi wa mwisho atue.

Hoki ya barafu. Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila mchezo unaposimama. Tenga saa mbili na nusu. Kwa wanawake, kuanzia mchezo huo ulipoingizwa 1998 hadi 2022, dhahabu haikutoka nje ya Marekani na Kanada. Ukitaka kuona uhasama wa kweli wa majirani, anza hapo.

## Hatua ya 6: Andika jedwali lako mwenyewe

Chora safu sita: tarehe, shindano, dhahabu, fedha, shaba, hali. Safu ya "hali" ndiyo inayokosekana kwenye majedwali ya mtandaoni. Andika humo "rasmi" au "rufaa".

Sababu ya kuandika kwa mkono: jedwali la simu hukupa jumla lakini halikuambii imetoka wapi, na ubishi wote huanzia hapo.

Usishangae hesabu isipogawanyika sawasawa. Wawili wakifungana kwa dhahabu, hakuna fedha. Wakifungana kwa fedha, hakuna shaba. Bobsledi ya watu wawili Pyeongchang, Kanada na Ujerumani walimaliza miteremko minne kwa muda ule ule, wote wakapewa dhahabu. Ndiyo maana michezo ile ilikuwa na mashindano 102 na dhahabu 103.

Ikiwa unatazama marudio, zima arifa za simu kabla ya kuanza. Jedwali la medali ndilo linaloharibu raha haraka kuliko yote: ukiona Norwei imeongezeka moja, umeshajua mbio za usiku ziliishaje.

## Hatua ya 7: Soma jedwali kwa njia mbili kabla ya kufungua mdomo

Kanuni ya 6 ya Mkataba wa Olimpiki inasema michezo ni mashindano kati ya wanamichezo, si kati ya nchi. Kwa hiyo ubingwa wa jedwali ni kitu walichokitengeneza wanahabari na mashabiki, na kila mmoja ana njia yake ya kupanga.

Ulaya na Afrika kwa kawaida hupanga kwa dhahabu kwanza, zikilingana, fedha, zikilingana tena, shaba. Vyombo vingi vya Marekani hupanga kwa jumla ya medali. Vancouver 2010 ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Kanada: dhahabu 14, jumla 26. Marekani: dhahabu 9, jumla 37. Toronto walisherehekea ubingwa, New York nao wakasherehekea.

Hizi ni nchi sita nilizochagua za Beijing 2022, nyingine nimeziruka, kwa mpangilio wa dhahabu, fedha, shaba, jumla:

- Norwei: 16, 8, 13, jumla 37
- Ujerumani: 12, 10, 5, jumla 27
- Marekani: 9, 9, 7, jumla 25
- China: 9, 4, 2, jumla 15
- Kamati ya Olimpiki ya Urusi: 5, 12, 15, jumla 32
- Kanada: 4, 8, 14, jumla 26

Kwa dhahabu, timu ya Kirusi ni ya tisa. Kwa jumla, ni ya pili. Ukitaka njia ya kati, toa alama 3 kwa dhahabu, 2 kwa fedha, 1 kwa shaba: Norwei 77, Ujerumani 61, Warusi 54, Marekani 52, Kanada 42, China 37. Binafsi naipenda hii ya alama, kwa sababu inaitambua fedha bila kuifanya iwe sawa na dhahabu. Ila haitumiki rasmi popote, basi usiitoe barazani kana kwamba ni sheria.

Na usipuuze safu ya fedha. Pyeongchang, Norwei na Ujerumani zilifungana kwa dhahabu 14. Norwei ikakaa juu kwa sababu ya fedha 14 dhidi ya 10. Siku ile ya mwisho Ujerumani ilikuwa inaongoza fainali ya hoki ya barafu 3-2, imebaki chini ya dakika moja. Warusi wakasawazisha, wakashinda 4-3 muda wa nyongeza. Kama Wajerumani wangeshikilia sekunde zile, wangekuwa na dhahabu ya 15 na kilele cha jedwali kingekuwa chao. Hili huwezi kuliona kwenye jedwali. Utaliona kwenye daftari lenye tarehe.

Angalia pia wanaocheza bila bendera. Paris 2024, medali za wanamichezo huru wasioegemea nchi hazikuwekwa kwenye jedwali rasmi. Ziandike kwenye ukurasa wake, usizipachike nchi yoyote.

Umefaulu hatua hii ukiulizwa "nani anaongoza?" nawe ukauliza kwanza, "kwa hesabu gani?"

## Hatua ya 8: Usitupe daftari sherehe zikiisha

Sampuli za wanamichezo za kupima dawa zilizokatazwa huhifadhiwa na kupimwa upya hata miaka kadhaa baadaye, na kesi za rufaa huchukua muda wake.

Shindano la timu la kuteleza kwa madoido Beijing lilimalizika 7 Februari 2022, timu ya Kirusi ikiwa ya kwanza. Medali hazikukabidhiwa, kwa sababu ya kipimo cha Kamila Valieva, mtelezaji wa timu hiyo aliyekutwa na dawa iliyokatazwa. Januari 2024 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimwondolea matokeo yake. Marekani ikapanda hadi dhahabu, Japani fedha, Warusi wakashuka hadi shaba. Wamarekani na Wajapani walivishwa medali zao Agosti 2024 mjini Paris, katikati ya Olimpiki ya majira ya joto, nguo nyepesi na jua kali.

Tazama lilivyobadilisha jedwali. Kabla ya hapo China ilikuwa ya tatu kwa dhahabu 9, Marekani ya nne kwa 8. Baada yake zote zina 9, na Marekani imepita kwa fedha. Jedwali lililochapishwa Februari 2022 bado linazunguka mtandaoni, na litakupa nafasi zisizo za leo.

Kwa hiyo ukinukuu jedwali la zamani, angalia limesahihishwa lini. Kwenye daftari lako, kata kwa mstari mmoja na uandike pembeni tarehe ya badiliko. Usifute.

## Hatua ya 9: Endelea msimu wa kawaida

Miaka isiyo ya Olimpiki ndiyo mizuri kwa kujifunza, maana kelele ni chache. Kombe la Dunia la kila mchezo huchezwa karibu kila wikendi kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kwa wanaoendelea hadi mwishoni mwa Machi: Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Ulaya husogeza saa mbele, na tofauti yetu na Ufaransa hupungua kutoka 2 hadi 1.

Mashindano ya dunia ya skii, ya nyika na ya kushuka milima, huangukia miaka isiyogawanyika kwa mbili. Trondheim 2025, Johannes Høsflot Klæbo wa Norwei alishinda mbio zote sita za wanaume za skii ya nyika. Ya 2027 yatakuwa Falun, Uswidi, kwa skii ya nyika na kuruka. Crans-Montana, Uswisi, kwa kushuka milima. Na Otepää, Estonia, kwa bayathloni. Medali za huko usizijumlishe na za Olimpiki. Zifungulie ukurasa mpya, na kama muda wako ni mdogo anza na Otepää: mbio zake ni fupi, na ukishazoea kuhesabu mizunguko ya adhabu utaweza kufuata karibu mchezo wowote wa theluji.